Mwamgongo: Mifupa Haisahau Mzigo

Anayetaka kufika Mwamgongo huanzia Kibirizi, ufukwe ulio kaskazini kidogo mwa mji wa Kigoma, ambako boti za mbao hupakia abiria, magunia na kuku kwa pamoja. Boti huambaa na ukingo wa Ziwa Tanganyika kuelekea kaskazini, milima ikiwa mkono wa kulia na maji mkono wa kushoto, na ng'ambo, siku isiyo na ukungu, huonekana milima ya Kongo. Chini ya boti kuna maji yenye kina kinachofikia karibu mita 1,470 katika sehemu zake za ndani kabisa, ziwa la pili kwa kina duniani. Vijiji vya wavuvi hupita kimoja baada ya kingine, kisha huja msitu wa Hifadhi ya Taifa ya Gombe, mkimya na mzito. Msitu huo hukoma ghafla, kana kwamba umekatwa kwa kisu, na mapaa ya nyumba huanza kung'aa. Hapo ndipo Mwamgongo.

Kijiji kimebanwa kati ya maji na mlima. Tambarare yake ni ndogo, na mashamba ya muhogo na michikichi yamelazimika kupanda mitelemko iliyosimama. Kwa sababu hiyo hapa mwili wa mwanadamu bado ndiyo chombo cha kwanza cha usafiri. Gunia la unga lililoshushwa kutoka katika boti hupita majini juu ya bega la kijana. Muhogo hutoka shambani juu ya kichwa cha mama. Mtoto mchanga huenda kila mahali akiwa mgongoni. Hata jina la kijiji, kwa sikio la Mswahili, limebeba neno "mgongo" ndani yake.

Mgeni akikaa ufukweni tangu alfajiri hadi adhuhuri ataona karibu kila mkao ambao Muumba amemwezesha binadamu kuukaa. Wavuvi waliokesha na taa zao katika usiku wa giza hurudi wakiwa wamesimama, wameegemea makasia au wanavuta nyavu kwa mgongo na nyonga. Wanawake huinama kutoka kiunoni, miguu ikiwa imenyooka, wakigeuza dagaa waliotandazwa juani. Wasichana huchuchumaa juu ya mawe wakisugua sufuria kwa mchanga. Kinu hupigwa kwa mikono inayopanda na kushuka. Wazee huketi juu ya mkeka, mguu mmoja umekunjwa chini na goti la pili limeinuliwa. Adhana inaposikika, watu walewale husimama safuni, wakarukuu, wakasujudu, wakaketi.

Je, mambo haya yote huondoka na jasho la siku? Au kuna mahali yanapoandikwa?

Mfupa ni daftari

Tumezoea kuuona mfupa kama jiwe, kitu kikavu kinachoshikilia nyama. Sivyo ulivyo mfupa wa mtu aliye hai. Una damu ndani yake, una neva, na kila siku chembechembe zake hubomolewa na kujengwa upya. Mwaka 1892 daktari mpasuaji wa Berlin, Julius Wolff, alieleza kanuni ambayo mpaka leo hufundishwa katika vyuo vya tiba: mfupa hujijenga kulingana na mzigo unaoubeba. Ukitumika sana huwa mnene na imara, usipotumika hukonda. Mchezaji wa tenisi aliyeanza mchezo tangu utotoni huwa na mfupa mnene zaidi katika mkono anaopigia kuliko katika mkono wa pili. Misuli nayo, inapovuta mfupa mahali palepale kwa miaka mingi, huacha mikwaruzo na vinundu vinavyoweza kuguswa kwa kidole hata baada ya nyama kuoza.

Kuchuchumaa ni mfano ulio wazi kuliko yote. Mtu anapochuchumaa na unyayo wake wote ukakaa ardhini, muundi huinama mbele mpaka ukagusana na mfupa wa juu wa kifundo cha mguu. Mgusano huo ukirudiwa kila siku tangu utotoni, sehemu ndogo za mifupa hiyo miwili hulainika zikawa kama viungo vya ziada. Mwaka 1893 Havelock Charles, aliyekuwa mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili mjini Lahore, alichapisha uchunguzi wake kuhusu miguu ya watu wa Punjab. Alionyesha kwamba watu wasiotumia viti, wanaokula, wanaofanya kazi na wanaozungumza wakiwa wamechuchumaa au wameketi chini, wana alama hizo katika nyonga, magoti na vifundo vyao. Tangu hapo, mchimbaji wa mambo ya kale anapookota mfupa wa muundi hutazama ukingo wake wa chini, upande wa mbele. Akiiona alama ile hujua kwamba mwenye mfupa huu, awe aliishi miaka 500 au 5,000 iliyopita, hakuwa mtu wa kiti.

Kwa hiyo wale wasichana wanaosugua sufuria juu ya mawe ya Mwamgongo wanaandika. Kalamu yao ni kifundo cha mguu.

Maktaba iliyo jirani

Ajabu ni kwamba mojawapo ya mahali ambapo wanasayansi walijifunza kuusoma mwandiko huu kwa uhakika pako jirani kabisa na kijiji hiki, upande wa pili wa mpaka wa hifadhi. Jane Goodall alifika Gombe mwezi Julai 1960 kuwachunguza sokwe, na mwaka 1968 eneo hilo likawa hifadhi ya taifa. Kazi yake inajulikana duniani kote. Kisichojulikana sana ni kwamba sokwe alipokufa na mwili wake ukapatikana, mifupa yake ilihifadhiwa. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa mifupa kutoka Marekani, miongoni mwao Adrienne Zihlman na Mary Ellen Morbeck, waliichunguza mifupa hiyo kwa undani.

Mifupa ya Gombe si ya kale, lakini ni kama kamusi ya kuisomea mifupa ya kale. Mchimbaji wa makaburi ya zamani ana mifupa mkononi, lakini hana habari za maisha ya mwenye mifupa. Gombe vyote viwili vilikuwapo: mifupa upande mmoja, na upande wa pili madaftari ya miaka mingi yaliyoandikwa na watafiti pamoja na wasaidizi wao Watanzania waliowafuata sokwe mlimani siku baada ya siku. Ilijulikana nani alizaa mara ngapi, nani alianguka mtini, nani aliugua na lini.

Mwaka 1966, kwa mfano, ugonjwa wa polio uliwapiga sokwe wa Gombe. Wengine walikufa, na wengine wakabaki na mkono uliopooza kwa maisha yao yote. Mifupa ya baadhi ya walionusurika ilipopimwa baadaye, upande uliopooza ulikuwa mwembamba na mwepesi, na upande uliofanya kazi kwa niaba ya wote wawili ulikuwa umejengeka. Sokwe jike mzee aliyeitwa Flo, mama wa watoto watano waliojulikana kwa majina, alikufa mwaka 1972 meno yake yakiwa yamelika karibu na ufizi. Mifupa ya majike wazee wa Gombe ilionyesha kupungua madini, jambo ambalo mama zetu wengi wanalijua kwa maumivu yake. Katika mifupa mingine kulionekana mivunjiko iliyokwisha kupona, kumbukumbu ya kuanguka na kupigana. Mfupa ulisema, daftari likathibitisha.

Mkono uliotambulisha maiti

Ukirudi kusini kwa boti ukapita Kigoma mjini, utafika Ujiji. Wageni wengi huenda huko kuona mnara wa kumbukumbu chini ya miembe, mahali ambapo Henry Morton Stanley alikutana na David Livingstone mwaka 1871. Hadithi ya mkutano huo imesimuliwa mno. Hadithi ya mfupa wa Livingstone husimuliwa kwa nadra, nayo ndiyo inayotuhusu.

Mwaka 1844, huko Mabotsa kusini mwa Afrika, simba alimrukia Livingstone akauvunja mfupa wa juu wa mkono wake wa kushoto. Mfupa haukuunga sawasawa. Mahali ulipovunjika pakabaki kama kiungo cha uongo, na mkono huo haukurudi kuwa kama ulivyokuwa. Alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, wafuasi wake Waafrika, wakiongozwa na Susi na Chuma, walimzika moyo wake hukohuko, wakaukausha mwili, kisha wakaubeba kwa miguu kwa miezi mingi mpaka Bagamoyo. Ulipofika London mwaka 1874 sura haikutambulika tena. Daktari Sir William Fergusson aliupekua mkono wa kushoto, akaukuta mvunjiko ule wa simba, na shaka ikaisha. Miaka 30 ilikuwa imepita, lakini mfupa ulikuwa haujasahau.

Hata hivyo, msomaji wa pwani hii ya ziwa ana haki ya kuuliza swali jingine. Vipi kuhusu mabega ya waliombeba? Vipi kuhusu wapagazi, Wanyamwezi, Wamanyema na wengineo, waliotembea njia ya misafara baina ya Bagamoyo na Ujiji, kila mmoja akiwa na mzigo wa kadiri ya frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, siku baada ya siku? Vipi kuhusu waliopita njia hiyohiyo wakiwa na minyororo shingoni? Majina yao hayakuchongwa katika mnara wowote. Lakini kwa kanuni ileile iliyomtambulisha Livingstone, pingili za shingo zao na magoti yao yaliandikwa yote. Mfupa hautofautishi kati ya bwana na mpagazi, kila mmoja huandikiwa chake.

Mwanamke na jiwe la kusagia

Twende sasa mbali kidogo, Sham, kwa sababu huko ndiko ushahidi ulikojitokeza kwa uwazi kuhusu jambo linaloonekana kila asubuhi Mwamgongo. Kando ya mto Furati, nchini Syria, palikuwa na kijiji cha kale kiitwacho Abu Hureyra, kilichokaliwa tangu zaidi ya miaka 11,000 iliyopita. Kilichimbwa kwa haraka mwaka 1972 na 1973 kabla ya maji ya bwawa kukifunika. Mtaalamu wa mifupa wa Uingereza, Theya Molleson, aliichunguza mifupa ya wakazi wake na mwaka 1994 akaeleza alichokiona. Mifupa ya vidole gumba vya miguu ilikuwa imeharibika, magoti yalikuwa na alama za kukandamizwa, na pingili za chini za uti wa mgongo zilikuwa zimeumia. Mkao mmoja tu uliweza kueleza yote hayo kwa pamoja: mtu amepiga magoti, vidole vya miguu vimekunjwa chini yake, naye anausukuma mwili wake mbele na nyuma kwa saa nyingi kila siku, akisaga nafaka juu ya jiwe. Na kwa sehemu kubwa mifupa hiyo ilikuwa ya wanawake.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walipima mifupa ya wanawake wakulima walioishi Ulaya ya kati miaka 7,000 hivi iliyopita, wakailinganisha na mifupa ya wanawake wa leo, wakiwamo wapiga makasia wa mashindano wanaofanya mazoezi makali kila wiki. Mikono ya wale wakulima wa kale ilikuwa na nguvu zaidi kuliko ya wapiga makasia kwa asilimia 11 hadi 16. Wasomi walikuwa wamezoea kuwalinganisha wanawake wa kale na wanaume, na kwa sababu mifupa ya wanaume huitikia mzigo kwa namna tofauti, kazi ya wanawake ilikuwa imefichika. Walipolinganishwa na wanawake wenzao ndipo kazi hiyo ikaonekana ukubwa wake.

Habari hii inatuhusu. Rudi ufukweni mwa Mwamgongo ukahesabu. Bonde la Mitumba, lililo ndani ya hifadhi, limevaa msitu. Bonde la Ngonya, la upande wa kijiji, limelimwa, na miti yake imepungua. Kuni hazikatwi hifadhini. Maana yake ni kwamba mzigo wa kuni unatoka mbali zaidi na juu zaidi, na unashuka mtelemko huo ukiwa juu ya kichwa cha mwanamke, mara nyingi mwenye mtoto mgongoni na pengine mwingine tumboni. Nyuma yake anafuata binti wa miaka tisa au kumi mwenye kifurushi kidogo cha kwake, ambaye mifupa yake ingali laini na inapokea kila inachoandikiwa. Kaka yake wa umri huohuo huenda yuko uwanjani na mpira.

Si lengo la makala haya kumlaumu mtu wa Mwamgongo. Mvuvi aliyekesha ziwani naye ana mgongo, na mawimbi ya Tanganyika hayana huruma. Wala kazi si adui wa mwili. Tumeona kwamba mfupa usiofanya kazi hukonda. Tatizo ni mzigo usiogawanywa. Mzigo wa kadiri huujenga mfupa, na mzigo uliozidi kipimo, usio na mapumziko, huuvunja. Mstari kati ya viwili hivyo huchorwa nyumbani, na anayeuchora ni yule anayeamua nani aende mtoni na nani abaki.

Adabu ya kuisoma mifupa

Kabla ya kwenda mbele, yafaa tuseme mambo mawili ya tahadhari.

La kwanza ni la kielimu. Robert Jurmain, mtaalamu wa Marekani aliyechunguza mivunjiko katika mifupa ya sokwe wa Gombe, ndiye pia aliyeandika mwaka 1999 kitabu kizima cha kuwaonya wenzake wasikimbilie kusoma katika mfupa kisichomo. Uchakavu wa goti waweza kuletwa na kazi, lakini waweza pia kuletwa na umri, uzito, urithi au jeraha la siku moja. Mfupa mmoja si hukumu. Ni pale alama nyingi zinapokubaliana, kwa watu wengi wa mahali pamoja, ndipo msomaji anapothubutu kusema. Muislamu anayeijua Sura ya Al-Israai, inayotukataza kufuata tusilo na ujuzi nalo, hataona ugeni katika onyo hilo.

La pili ni la heshima. Dini yetu haikumvua maiti hadhi yake. Mtume (rehema na amani zimshukie) alililinganisha kosa la kuvunja mfupa wa maiti na kosa la kumvunja mtu aliye hai. Nasi Afrika Mashariki tunajua uchungu wa mafundisho hayo kuvunjwa. Mwaka 2023 taasisi inayosimamia makumbusho ya Berlin ilitangaza matokeo ya uchunguzi wa mafuvu 1,135 yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni, zaidi ya 200 yakiwa ya nchi yetu. Yalikusanywa ili kupima eti ubora wa mataifa. Kwa kulinganisha vinasaba, wazao wa baadhi ya watu hao walipatikana wakiwa hai hapa Tanzania. Elimu iliyoanza kwa kumdhalilisha maiti ililazimika, baada ya zaidi ya miaka 100, kurudi na kuwatafuta wajukuu.

Upo mfano mwingine, wa upole. Katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wachimbaji walikuta mabaki ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Habari zake zilitangazwa mwaka 2021, na wakampa jina la Mtoto. Mifupa yake ilikuwa dhaifu mno, ikabidi ifunikwe kwa plasta na kubebwa pamoja na udongo wake. Mkao ndio uliowagusa wengi: alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamevutwa kifuani, na kichwa chake kilikaa kana kwamba kiliwekewa kitu laini chini yake, kitu ambacho kilioza zamani. Inaonekana pia alikuwa amefungwa katika nguo au majani. Hatujui imani ya waliomzika. Lakini mzazi yeyote anayesoma haya anaelewa maana ya kumlaza mtoto hivyo. Mkao wa mwisho wa Mtoto ni habari za waliompenda.

Mkeka na kiti

Yapo mengine ambayo miili yetu ya leo inaandika, hasa sisi tunaoishi mijini. Mwaka 2020 watafiti waliowafungia Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi vifaa vidogo vya kupimia mwendo walipata jambo lililowashangaza. Wahadzabe, wawindaji na wachuma matunda wanaosifika kwa kutembea, hupumzika karibu saa 10 kwa siku, kiasi kinachokaribiana na cha watu wa mijini. Tofauti ni namna ya kupumzika. Wao huchuchumaa, hupiga magoti, huketi chini, na katika mikao hiyo misuli ya miguu huendelea kufanya kazi kidogo. Mtu wa kiti huikabidhi kiti misuli yake, ikalala. Watafiti hao walieleza kwamba huenda hapo ndipo ilipo sehemu ya siri ya mioyo yenye afya ya Wahadzabe.

Muislamu ana hazina katika jambo hili, na pengine hajaihesabu. Sala tano za faradhi zina rakaa 17. Ndani yake mna rukuu 17 na sijda 34, mbali na sunna. Kifundo, goti, nyonga, uti wa mgongo na vidole vya miguu huitwa kazini kila siku tangu utoto mpaka uzee. Hatusali kwa ajili ya mazoezi. Tunasali kwa kuwa tumeamrishwa na Mola wetu. Lakini Mwenye kuamrisha ndiye Aliyeumba viungo. Mzee wa Mwamgongo aliyekula, aliyeshona nyavu na aliyezungumza juu ya mkeka maisha yake yote mara nyingi husujudu bila shida. Katika misikiti ya mijini safu ya viti vya plastiki huzidi kurefuka nyuma ya jamaa. Mgonjwa ana ruhusa yake katika sheria, wala asionewe haya. Asiyeweza kusimama husali kwa kuketi, na asiyeweza kuketi husali kwa ubavu. Lakini kijana wa miaka 30 asiyeweza kuketi tahiyatu kwa sababu hajawahi kuketi chini nyumbani kwake, huyo ajiulize. Na sisi wazazi tujiulize kama mkeka umebaki sebuleni au umeviringishwa ukawekwa juu ya kabati.

Sadaka ya kila kiungo

Katika Sura Yasin Mwenyezi Mungu anatutajia siku ambayo vinywa vitafungwa, mikono ikasema na miguu ikashuhudia yaliyochumwa. Katika sura hiyohiyo anatajwa mwanadamu aliyeuliza kwa kejeli nani ataihuisha mifupa iliyokwisha oza, naye akajibiwa kwamba ni Yule aliyeiumba mara ya kwanza. Muumini hahitaji hadubini ili ayaamini haya. Hata hivyo, inapotokea kwamba kifundo cha mguu kinahifadhi habari za kuchuchumaa, na mkono unahifadhi habari za simba, na kidole gumba kinahifadhi habari za jiwe la kusagia kwa maelfu ya miaka, moyo hutulia zaidi, na akili huona kwamba viungo kushuhudia si jambo lililo mbali.

Swali linalobaki ni ushahidi gani tunauandika, si katika miili yetu pekee bali katika miili ya tunaoishi nao. Uti wa mgongo wa mke utakuwa na habari za mume. Shingo ya binti itakuwa na habari za baba na kaka zake. Mabega ya mtumishi wa ndani yatakuwa na habari za bwana na bibi wa nyumba.

Mtume wetu alitufundisha kwamba kila siku jua linapochomoza kuna sadaka juu ya kila kiungo cha mwanadamu, na miongoni mwa sadaka hizo alitaja kumsaidia mtu kupandisha mzigo wake juu ya mnyama wake. Bibi Aisha (Allah amridhie) naye, alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia ahali zake. Mwamgongo hakuna wanyama wengi wa kubeba. Wanaobeba ni watu. Basi sadaka hiyo iko karibu mno. Ni kijana kuipokea ndoo ya dada yake kabla hajafika mlimani. Ni mume kurudi kutoka ziwani na, akishapumzika, kwenda mwenyewe kuni za kesho. Ni kijiji kupanda miti katika bonde la Ngonya ili safari ya kuni ipungue, na viongozi kuyaleta maji karibu na nyumba. Na kwa sisi tulio mbali, ni kuutandika mkeka tena, tukaketi chini pamoja na watoto wetu, tukala sahani moja.

Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.